Mama Godwin Anapumzika: Bibi Shamba Aliyelisha Shule kwa Vihamba Vyetu

Tarehe 30 Juni 2025 Bi. Winfrida Tarimo, Afisa Ugani wa kata yetu, anastaafu kwa mujibu wa sheria baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi wa umma. Ishirini na minne kati ya hiyo ameitumia hapa Old Moshi, kwenye vijiji vya mlimani, kwa miguu. Wafanyakazi wenzake wameomba wasifu wake usomwe siku ya kumuaga, na kazi ya kuuandika imemwangukia mtunza stoo wa ofisi, kwa sababu ndiye aliyekuwa akimfungulia mlango asubuhi na kumpokea jioni akirudi na matope.

Mtendaji wa kata ameagiza wasifu uwe mchangamfu. Tutajitahidi. Mama Godwin, kama tunavyomwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, ni mtu wa kuchekesha, na ya kuchekesha yapo. Lakini kila aliyepanda kuja hapa leo amepita katikati ya vihamba vyetu, mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba zetu, na ameona kwa macho yake jinsi vilivyo. Hatuwezi kuandika kana kwamba migomba ipo.

Bi. Winfrida alizaliwa Mkuu, Rombo, akiwa mtoto wa nne wa mkulima wa kahawa. Alisoma huko hadi sekondari, akaenda chuo cha kilimo, na mwaka 1992 akaajiriwa. Miaka tisa ya kwanza alifanya kazi tambarare, kwenye mahindi na jua kali, na anasema huko ndiko alikojifunza kuvaa kofia. Mwaka 2001 alihamishiwa kwetu. Siku ya kwanza alimsalimu bibi mmoja njiani kwa Kichagga cha kwao, akijivunia. Yule bibi alimtazama, akamjibu, "Sema Kiswahili tu mwanangu, hicho Kirombo chako kitaniumiza masikio." Mama Godwin aliisimulia habari hiyo ofisini mwenyewe, huku akicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo tulijua tumepata mtu.

Hakuwa mtu wa ofisini. Alikuwa na buti za mpira zilizomzidi mguu, akajaza soksi mbili mbili. Mfukoni aliweka kiberiti kisicho na njiti, ndani yake chumvi, ili akipewa parachichi njiani ale papo hapo bila kumsumbua mwenye nyumba. Mbwa wa kata nzima walimfahamu. Mwaka mmoja alikuja mgeni kutoka wilayani kukagua mifongo, ile mifereji ya asili inayoleta maji kutoka juu, na Mama Godwin akiwa anamwonyesha mfongo mkubwa aliteleza akaingia mzima mzima. Aliinuka na maji yakimchuruzika kwenye kitambaa cha kichwa, akamwambia mgeni, "Kama unavyoona mheshimiwa, maji yapo ya kutosha. Twende juu." Mgeni aliandika hivyohivyo kwenye taarifa yake.

Kazi kubwa ya maisha yake aliianza mwaka 2006, na aliianza kwa hasira. Asubuhi moja alikuwa amesimama barabarani akitazama lori likipakia mikungu ya ndizi kwenda Dar es Salaam. Saa sita akapita shule ya msingi ya kijiji chetu. Akakuta watoto wamekaa kwenye nyasi, wengine wamelala, wanasubiri kengele ya kurudi darasani bila kutia kitu mdomoni. Wengine walikwenda nyumbani kula, na waliokwenda wengi hawakurudi. Wakati ule Evelyn, mke wa mtunza stoo, alikuwa akipika chai ya walimu pale shuleni. Mama Godwin aliingia jikoni kwake na buti zake.

"Evelyn," alisema, "hizi ndizi njia ya Dar zinaijua. Ya shule haziijui?"

"Mama Godwin, ndizi hazina tatizo," Evelyn alimjibu. "Tatizo ni matope yako kwenye sakafu yangu. Toka kwanza, halafu tuongee."

Waliongea wakiwa nje, juu ya kuni. Ule mpango wote ulizaliwa pale. Kila kitongoji kingekuwa na siku yake ya kuleta chakula. Mwenye ndizi alete ndizi, mwenye ng'ombe alete maziwa, mwenye maharage, mwenye magimbi, mwenye karoti mbili. Asiye na kitu alete kuni au majani makavu ya kuwashia, na asiye na hata hayo asilete. Vitu vilipokelewa mlango wa nyuma na kutiwa kwenye sufuria moja kabla ya kengele, ili mtoto asijue cha nani kimo na cha nani hakimo. Hapo Mama Godwin hakukubali mjadala. Angeweza kukuachia mambo mengi, lakini mtoto akiulizwa mbele ya wenzake umeleta nini, siku hiyo angekukasirikia mpaka jioni.

Si wote waliompokea vizuri. Kwenye mkutano wa wazazi Mzee Gidioni, ambaye ni mzee wa kanisa na mtu wa maneno, alisimama na fimbo yake. "Shikamoo zenu mmeshanipa, sasa nisikilizeni," alisema. "Mwanangu anakula ndizi asubuhi. Usiku anakula ndizi. Sasa huyu mae, huyu mama wa Rombo, anataka ale ndizi na mchana. Atachipua mkungu kichwani." Watu walicheka sana. Mama Godwin alisubiri kicheko kiishe, akamwambia kwa neno la Kichagga la kumheshimu mzee, "Mbe, ukichipua tutauvuna, tutauleta shuleni." Wiki iliyofuata Mzee Gidioni aliposikia jirani yake amepeleka mkungu mkubwa, alipeleka mikungu miwili, akapita nayo barabarani taratibu ili aonekane.

Kwa miaka kumi na minne jambo lile lilikwenda. Jumatatu mtori, ile supu nzito ya ndizi, Jumanne kiburu cha ndizi na maharage, hivyo hivyo mpaka Ijumaa. Evelyn akawa mpishi mkuu. Mabua na majani ya migomba yalirudi majumbani kwa ng'ombe, samadi ya ng'ombe ikaletwa shuleni, na kwa samadi hiyo Mama Godwin akaotesha shamba la mbegu nyuma ya madarasa. Tuliliita shamba mama. Humo alikusanya ndizi za zamani ambazo watu walikuwa wameanza kuziacha, na zaidi ya zote mchare, ile ndizi nyembamba ya mtori ambayo mzazi akijifungua hapa kwetu ndiyo anayoletewa. Watoto wa darasa la saba walijua kupanda mche, kuondoa machipukizi ya ziada na kutandaza majani. Wageni walikuja kutoka mikoa mingine kutazama. Mahudhurio yalipanda. Mwalimu mkuu wa wakati ule alisema utoro uliisha bila fimbo.

Ndipo likaja jambo la kanisani, ambalo watu wa nje hawalielewi mpaka waelezwe. Usharika wetu una Sikukuu ya Mavuno. Watu huleta mazao mbele ya madhabahu, yanaombewa, na baada ya ibada yanapigwa mnada nje. Mama Godwin mwenyewe ni Mkatoliki, lakini kwa miaka ishirini na minne amesali na sisi nusu na nusu, na kila sikukuu alileta miche kutoka shamba mama. Mpiga mnada alikuwa Mzee Gidioni. Mche ulionunuliwa pale uliitwa mgomba wa madhabahuni, na kila nyumba ilitaka wa kwake. Ilikuwa njia nzuri kuliko semina yoyote. Mbegu bora iliingia kila kihamba kwa furaha, na hakuna aliyeipuuza, kwa sababu ilikuwa imeombewa.

Mwaka 2020 mvua zilichelewa na mfongo mkubwa ukakauka kwa mara ya kwanza ambayo wazee waliikumbuka. Wiki chache kabla ya sikukuu, shina moja la mchare kwenye shamba mama liligeuka njano, majani ya chini yakaanguka na kuning'inia kama sketi. Mama Godwin aliliona. Alisema ni kiu. Siku ya sikukuu ilipofika, miche ilichimbwa kutoka shina lile na mashina ya jirani, ikapelekwa kanisani ikiwa mibichi na mizuri kwa macho.

Mnada ule ulikuwa mzuri kuliko yote. Evelyn na mwenyekiti wa kamati ya shule, Bi. Hellen, walishindania mche mmoja kwa mzaha, kila mmoja akipandisha. Mzee Gidioni alimgeukia mtunza stoo mbele ya usharika wote. "Filemon, mkeo anataka mgomba, na wewe umeshika mfuko kama uliyevunjika mkono. Toa." Evelyn alishinda. Aliubeba mche ule mwenyewe mpaka nyumbani, akaupanda karibu na dirisha la jikoni, na aliukagua kila asubuhi kabla ya kwenda kazini.

Miezi kumi na kitu baadaye dalili zilianza kuonekana, nyumba moja hadi nyingine. Jani la njano, sketi, shina kupasuka. Mtaalamu wa magonjwa ya mimea alipanda kutoka mjini, akapasua shina mbele yetu na panga, akatuonyesha mistari ya rangi ya kutu ndani. Alituambia ni mnyauko, kwamba hauna dawa, kwamba unakaa kwenye udongo kwa miaka mingi kuliko wengi wetu tutakayoishi, na kwamba unasafiri kwa miche, kwa mabua, kwa jembe lenye udongo. Kila alichokitaja kilikuwa kitu ambacho sisi tulikuwa tumefundishwa kugawana. Akasema ng'oeni, chomeni, msihamishe kitu tena. Akashuka.

Watu hawakung'oa. Wengi wao hawakuwa wakaidi wala wajinga. Ule ulikuwa mgomba wa madhabahuni. Mzee Gidioni alilisema kwa wote, akiwa amesimama mlangoni kwake: "Kitu kimeombewa na mchungaji, nimekitolea sadaka, leo nikichimbe nikitie moto? Nitamweleza nani?" Mwinjilisti alijaribu kueleza, mchungaji alitangaza kwamba kung'oa si dhambi. Watu waliitikia amina na kurudi kwenye vihamba vyao, wakamwagilia migomba iliyokuwa inakufa. Kila wiki waliyosubiri, ugonjwa ulihama kihamba kingine.

Jumapili moja Mama Godwin aliomba nafasi baada ya matangazo. Alikwenda mbele bila kofia na bila karatasi. Alisema hivi, na waliokuwepo wanakumbuka: "Mimi nililiona jani. Nilisomea kazi hii. Nilipaswa kupasua shina nitazame ndani. Sikulipasua, kwa sababu shina lile lilikuwa limeshatengwa kwa sadaka, na sikutaka kuharibu sadaka. Kwa hiyo nimewapandia ugonjwa nyumbani mwenu kwa mkono wangu, na nimewapandia kanisani." Mchungaji akatangaza wimbo, na kwaya ikachelewa kuanza.

Baada ya hapo alifanya jambo ambalo hakuna mwongozo wa kilimo unaolitaja. Alikata majani ya isale kwenye ua wa nyumba aliyopanga, akafunga fundo kila jani kama inavyofanywa tangu zamani mtu anapokwenda kuomba radhi, akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Wasiojua wajue kwamba huku kwetu aliyekosewa akiletewa isale hawezi kumfukuza aliyelileta. Nyumba ya kwanza alikwenda kwa Mzee Gidioni. Mtunza stoo alikuwa amembebea sururu.

Mzee Gidioni alilitazama lile jani muda mrefu kabla ya kulipokea. "Mae, umenifunga mikono," alisema. "Isale halikataliwi."

"Sijaja kukufunga, mbe. Nimekuja kuomba radhi. Hili la sururu ni ombi jingine, na hilo unaweza kukataa."

"Kwenu Rombo mnafanya hivi pia?"

"Tunafanya."

"Basi nyie nao ni watu," alisema Mzee Gidioni, na akacheka peke yake, kicheko kifupi, halafu akaingia ndani kuleta panga. Aling'oa migomba yake yote ya madhabahuni siku ile. Mwishowe alikaa juu ya jiwe akajifuta uso na kofia yake, na Mama Godwin akakaa chini kando yake.

Nyumba zilikuwa nyingi. Alikwenda zote. Kuna waliompokea kwa chai, kuna mama mmoja aliyelipokea isale na kisha akamwambia maneno ambayo hatutayaandika hapa, na Mama Godwin aliyasikiliza mpaka mwisho, akasema aika mae, yaani asante mama, akashika jembe.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mtunza stoo. Evelyn alikuwa amefariki mwezi wa nane mwaka 2022, baada ya kuugua kwa muda mfupi, na kwa kuwa kwetu mtu huzikwa nyumbani, katikati ya migomba, alizikwa karibu na dirisha la jikoni. Mgomba wake wa mnada ulikuwa umekua ukaweka kivuli juu ya kaburi. Ulikuwa umeshaanza njano. Mama Godwin aliingia na jani lake la isale, akakaribishwa kiti, na alichokalia kilikuwa kile ambacho Evelyn alipenda kukalia akimenya ndizi. Hakuna aliyemwambia. Alikunywa chai nusu kikombe.

"Filemon," alisema, "huu wa Evelyn ukiniambia niuache, nitauacha. Sitakulaumu mbele ya mtu."

Aliambiwa achukue sururu, na jembe lishikwe na mwenye nyumba. Walichimba polepole, kwa upande wa ukuta, ili wasiguse udongo wa kaburi. Mizizi miwili ilikuwa imeingia kule. Hiyo hawakuivuta. Waliikata pale mpakani wakaiacha. Kisha Mama Godwin akafagia mahali pale kwa mkono, akaokota vipande vidogo vidogo vya mizizi akavitia kwenye ndoo ya kuchoma, na alipoondoka alisahau buti zake mlangoni, akaenda na ndala za Evelyn. Alizirudisha kesho yake zikiwa zimeoshwa.

Tungependa kuandika kwamba baada ya kung'oa mambo yalitengemaa. Mama Godwin alifanya kila linalowezekana. Alileta aina nyingine za ndizi ambazo ugonjwa huu hauziwezi, akahimiza magimbi na viazi vikuu, akafundisha maharage ya kupanda kwenye miti. Lakini magimbi yanataka maji, na mfongo mkubwa umekuwa ukileta maji miezi michache tu kwa mwaka. Ndizi mpya hazikuwa za mtori, na watu walizipanda bila moyo. Bila migomba mabua yalikosekana, na bila mabua watu waliuza ng'ombe mmoja mmoja. Ng'ombe walipopungua samadi ilikwisha. Ule mzunguko aliokuwa akitufundisha, ambapo kila kitu kilimlisha mwenzake, ulianguka kwa mpangilio uleule uliojengwa nao. Aliutazama ukianguka akijua kila hatua inayofuata. Pengine ndiyo sababu alianza kutembea akiangalia chini. Vihamba viwili vya barabarani vimeshauzwa na kuwekewa misingi ya nyumba, na hatuwezi kuwalaumu waliouza.

Jiko la shule lilishuka kutoka siku tano hadi tatu, kutoka tatu hadi moja. Mpishi mpya alijitahidi, lakini mtori wa ndizi za kununua ulikuwa maji. Mwezi Aprili mwaka huu kamati ya shule ilikaa. Bi. Hellen, ambaye naye alishang'oa migomba yake yote, alieleza hali bila kuficha: vyakula vya majumbani haviji tena vya kutosha, na njia iliyobaki ni kila mzazi achangie ili yanunuliwe mahindi na maharage kwa Mama Raya, mfanyabiashara wa sokoni Moshi, ambaye ameahidi kuleta mpaka juu. Mama Raya mwenyewe alikuwa amekuja mkutanoni. Alisema kwa upole kwamba ni mahindi mazuri, hatawapunja.

Mama Godwin alikuwa amekaa mwisho wa benchi. Aliomba kusema. "Mahindi si mabaya," alisema. "Nimefanya kazi ya mahindi miaka tisa. Nauliza hili moja. Mtoto ambaye kwao hawajachangia, siku hiyo atakula?"

"Mama Godwin," alisema Bi. Hellen, "mwenye duka atataka chake."

"Najua. Nauliza mtoto."

"Atapangiwa utaratibu."

"Utaratibu gani, dada yangu? Atasimama wapi wenzake wakipanga mstari?"

Mzee Gidioni, ambaye tangu mwanzo alipinga kila kitu, alisema kwamba yeye anamwunga mkono mae, ila hajui amuunge kwa kitu gani, maana kihamba chake sasa hakina hata majani ya kufunikia sufuria. Kamati ilipiga kura. Michango ilipita. Mama Godwin naye alinyoosha mkono kukubali, kwa sababu alisema ni heri wengine wale kuliko wote wakose, na alipoushusha mkono aliutazama kana kwamba si wake.

Katika wiki ya mwisho kabla ya likizo ya Juni, chakula cha vihamba kilipikwa kwa mara ya mwisho. Alizunguka siku mbili kukitafuta. Alipata magimbi kidogo, maharage, maziwa ya ng'ombe watatu, na mkungu mmoja wa mchare kutoka nyumba ya juu kabisa karibu na msitu, ambako ugonjwa haujafika bado. Alishuka nao kichwani. Vitu vilipokelewa mlango wa nyuma, vikachanganywa kabla ya kengele. Watoto wote walikula, na hakuna aliyeulizwa. Baadhi ya watoto wa darasa la kwanza hawakuijua ladha ile, wakasukuma sahani. Mama Godwin alizichukua sahani zao, akakaa nao kwenye nyasi, akala yeye mbele yao kijiko kwa kijiko ili wamwige. Wawili walimwiga.

Muhula unaofuata utaanza yeye akiwa hayupo. Tunaandika hapa, ili isomwe na wote waliokuja, kwamba jambo analoondoka nalo moyoni ni lile swali lake, na kwamba ofisi ya kata haina jibu lake. Tumejaribu kulitafuta. Baadhi yetu tumesema tutatoa mchango wa mtoto mmoja mmoja asiye na wa kumtolea. Hautoshi, na unakuja na jina la mtoto, kitu ambacho yeye alikikataa kwa miaka kumi na tisa.

Kwa upande wa mafanikio, kumbukumbu zinasema aliwafikia wakulima wa vijiji vyote vya kata, alianzisha vikundi vya akina mama vya mboga na maziwa, na alilinda aina za ndizi ambazo leo zimebaki kwenye nyumba chache za juu tu. Kuna vijana waliomaliza shule ile wakiwa wameshiba, na wengine wamo humu ukumbini, wana kazi zao na watoto wao. Kuna waliokuja kutoka mbali kwa ajili ya leo. Hayo nayo ni kweli, na hatutaki ayasahau atakapokaa peke yake.

Anarudi Mkuu, kwenye kihamba cha baba yake ambacho kaka yake amemhifadhia sehemu. Kule pia jani la njano limeonekana mwaka huu. Alitueleza hivyo wiki iliyopita wakati anakabidhi funguo za stoo, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja hali ya barabara. Alisema akifika atapasua shina kwanza.

Mama Godwin, tunakushukuru. Aika mae. Tunakushukuru kwa miguu yako, kwa ukali wako pale ulipostahili, kwa mtori wote, na kwa siku ile ya kanisani. Evelyn angependa kukuaga mwenyewe, na angeanza na habari ya matope. Wenye sherehe kama hii kwa kawaida humtakia mstaafu akafurahie matunda ya kazi yake. Tuliijadili sentensi hiyo ofisini tukakubaliana tusiiweke, maana wewe huwa unasoma kila neno. Tunakutakia afya, usingizi wa kutosha, na mvua kwa wakati wake. Tunakutakia watu wa kuongea nao jioni.

Tutapanda gari kuja Rombo kukusalimu, tukianza na Mzee Gidioni, ambaye ameshaulizia siku. Kwa desturi mtu haendi nyumbani kwa mkubwa wake bila mkungu. Sisi tutakuja mikono mitupu. Tunaomba utufungulie.

Filemon, mtunza stoo,
kwa niaba ya wafanyakazi wa kata